Mgomo Baridi wa Watu Wawili

Tawi la Garissa la chama chetu cha wahudumu wa ndege lilikuwa na wanachama wawili, na mmoja wao ni mimi. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi, katibu na mtunza muhuri. Mwenzangu alikuwa mwenyekiti na, kikao kikishafunguliwa, ndiye pia umma uliohudhuria. Makao makuu ya chama kule Nairobi walitucheka sana. Lakini sisi hatukuwahi kukosa akidi hata siku moja, maana vikao tulivifanyia kwenye viti viwili vya wahudumu mkiani mwa ndege, bega kwa bega, tumefunga mikanda, na hakuna aliyeweza kusema amechelewa kwa sababu ya msongamano wa magari.

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo. Ilikuwa na ndege chache za mapangaboi, na moja ililala Garissa. Asubuhi ilipanda Wajir na Mandera, mchana ikarudi, na siku nyingine ilikwenda Nairobi, ambayo abiria wetu huiita Kenya. Mtu atakwambia anakwenda Kenya kesho na atarudi Jumatano, na anasema hayo akiwa na kitambulisho cha Kenya mfukoni. Mwanzoni nilikuwa nikiwasahihisha. Baada ya mwaka mmoja, nami nilimpigia mama yangu simu Nyahururu nikamwambia nakuja Kenya mwisho wa mwezi, akaniuliza kama nina homa.

Nilikuwa na miaka kumi na saba kazini, sita kati yake Garissa. Mwenzangu alikuwa na mitatu tu. Alikuwa binti wa wafugaji wa Ijara, mrefu, na hijabu yake ya sare aliifunga vizuri kiasi kwamba mimi na skafu yangu ya shingoni tulionekana tumevaa huku tunakimbia. Aliniita abaayo, yaani dada, hata akinikasirikia. Akinikasirikia alilivuta tu hilo neno mpaka likawa kemeo.

Ukitazama kwa macho ya mgeni, mimi ndiye niliyekuwa nafanya kazi. Nilifunga makabati ya juu, nilikagua mikanda, niligawa juisi na biskuti, na nilipigana na mitungi ya maziwa ya ngamia. Maziwa hayo yalikuwa yamepigwa marufuku ndani ya ndege, kwa sababu ndege ikipanda juu mtungi huvimba, na nimewahi kushuhudia mfuniko ukiruka na bwana mmoja mwenye suti akabatizwa upya bila kuulizwa dini yake. Akina mama waliificha mitungi chini ya mabuibui, nami niliitafuta. Ulikuwa mchezo wetu, na wao ndio waliokuwa wakishinda.

Kazi ya mwenzangu ilikuwa mlangoni, na haikuandikwa popote. Kompyuta ya Nairobi huwapa abiria viti kwa namba, na ilivyofundishwa ni kwamba walionunua tiketi pamoja waketi pamoja. Sasa huku kwetu wanaonunua tiketi pamoja ni akina nani? Ni mkwe na mama mkwe wake anayempeleka hospitali. Mwanamume wa huku hakai ubavuni mwa mama mkwe wake. Heshima hairuhusu, mama akimwona mkwewe anakaribia hujifunika uso na kugeukia pembeni, na mkwe naye hutafuta ukuta wa kuutazama. Wengine ni wake wenza, ambao watakubali kupanda ndege moja lakini si safu moja. Tena kuna wanawake wasioweza kukaa bega kwa bega na mwanamume asiyewahusu, na kuna koo mbili zilizogombania kisima tangu mimi sijazaliwa. Kompyuta iliwapanga wote hawa kwa moyo mkunjufu kabisa.

Basi mwenzangu alisimama juu ya ngazi, akamsalimu kila mmoja, akatupia jicho pasi yake ya kupandia ndege, akauliza swali moja au mawili kwa Kisomali, ya mama na ya ukoo, kisha akasema nyuma, au dirishani, au safu ya tatu na bibi huyu. Kufikia mtu wa mwisho kupanda, watu thelathini na saba walikuwa wameketi kwa amani, na namba za viti zimebaki kuwa mapambo. Mimi mwenyewe ilinichukua mwaka mzima kugundua kwamba kuna kazi iliyofanyika pale. Nilidhani anapiga soga.

Halafu ikaja barua ya kuboresha ufanisi. Aliyewahi kuajiriwa anajua maana yake. Kampuni ilisema sheria inataka mhudumu mmoja tu kwa ndege ya ukubwa wetu, na kwamba Garissa kuna wawili. Kwa hiyo atakuja mshauri apime kazi zetu, ili nafasi isiyo ya lazima iondolewe. Tangazo la Kisomali, waliongeza, linaweza kurekodiwa mara moja na kuchezwa kwa kubonyeza kitufe.

Sikuhitaji miwani kujua nafasi iliyolengwa ni ya nani. Mkataba wetu na kampuni ulikuwa na kifungu nilichokijua kwa moyo: wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Mimi nilikuwa nimekaa salama juu ya kifungu hicho kwa miaka mingi. Nakiri hili mapema, maana baadaye nilisifiwa Nairobi kwa ushupavu wa kumtetea mdogo wangu, na ushupavu wa mtu ambaye kichwa chake hakipo kwa kinyozi si wa kutangaza sana.

Kwa mwenzangu jambo lilikuwa zito kuliko kukosa kazi. Alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia na kijana wa Bura, mtu mzuri tu, lakini mwenye wazazi wenye msimamo. Hawakutaka mke wa mwana wao azurure angani na kulala Mandera mara moja moja. Mwenzangu aliwaambia bila hivyo hakuna ndoa. Wazee wa pande mbili walikaa, wakavutana siku mbili, na mwishowe likawekwa sharti katika mkataba wa ndoa mbele ya kadhi: ataendelea kuruka maadamu anayo kazi hii. Wakwe walikubali kwa sababu walijua kampuni ndogo za ndege hazina maisha marefu. Siku kazi hiyo ikiisha, sharti limekwisha, na bibi harusi anahamia Bura nyumbani kwa wakwe na kukaa huko. Mwenzangu alinisimulia akicheka, kwamba mama mkwe wake humuulizia habari za kampuni kila juma, kwa upole mkubwa, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa ambaye shamba lake atalirithi.

Sikucheka. Nilimpenda msichana yule. Nilikuwa sijawahi kumwambia, lakini nilimpenda, na wazo la kumwona amekaa Bura nyuma ya pazia akihesabu ndege zinazopita liliniudhi sana.

Mshauri alifika Jumatatu. Alikuwa kijana nadhifu wa Nairobi, mwenye kishikwambi na saa ya kuhesabia sekunde ndani ya simu. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia kila mtu, alishukuru kwa kila kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia, na alikimwaga nyuma ya tangi la maji alipodhani hatumwoni. Shida yake ilikuwa moja: saa yake aliianzisha mlango wa ndege ukishafungwa. Kwa hesabu yake kazi ilianzia hapo. Kwa siku tatu alikaa kiti cha mbele akimpima mwenzangu akisoma tangazo, akikagua mikanda ya nyuma na kuokota vikombe. Jumatano jioni alituonyesha jumla. Mimi nilikuwa na kazi ya safari nzima. Mwenzangu alikuwa na dakika kumi na moja.

Nilijaribu kumweleza habari ya mlangoni. Alinisikiliza kwa adabu, akauliza kama jambo hilo limo katika kitabu cha kazi. Nikasema halimo. Akasema kwa masikitiko kwamba yeye hupima yaliyomo katika kitabu.

Hapo ndipo shetani aliponinong'oneza, na shetani wa vyama vya wafanyakazi anakijua Kiswahili vizuri. Siku iliyofuata, tukirudi kutoka Wajir, niliitisha kikao cha dharura. Mwenyekiti alifungua kwa dua fupi. Nilitoa hoja kwamba, kwa kuwa kampuni inathamini kitabu, tawi la Garissa lifanye kazi kama kitabu kinavyosema, neno kwa neno, hadi hapo mshauri atakapoomba vinginevyo kwa mdomo wake. Kitabu kilisema abiria ataketi kwenye kiti kilichoandikwa kwenye pasi yake. Kilisema pia mhudumu wa pili, wakati wa kupakia, atakaa kwenye kiti chake cha nyuma amefunga mkanda, asubiri maelekezo. Hakuna aliyewahi kukifuata kifungu hicho tangu ndege ije Garissa.

Mwenzangu akasema huo si mgomo, ni utundu. Nikamwambia kwa Kiswahili unaitwa mgomo baridi, na ni halali kabisa, kwani hakuna hakimu atakayemfunga mtu kwa kosa la kutii. Mwishowe akaunga hoja mkono. Ilipita kwa kura zote.

Tulichagua safari ya Mandera ya asubuhi. Nilisimama mlangoni na orodha mkononi, nimejipaka wanja, nina furaha ya mtoto aliyeachiwa ufunguo wa kabati la sukari. Mwenzangu alikuwa mkiani, mkanda umekaza, mikono mapajani, macho mbele. Mshauri aliketi safu ya kwanza na kishikwambi chake.

Abiria wa kwanza waliponiona peke yangu walichungulia ndani wakimtafuta yeye. Nikawaonyesha pasi zao, nikawasomea namba kwa sauti tamu. Wa saba alikuwa bibi mmoja mzee wa Lafey aliyekuja kutibiwa macho. Alikuwa abiria wetu wa kila mwezi, na aliwahi kuniletea nyirinyiri, vile vipande vya nyama kavu iliyokaangwa, kwenye kopo la maziwa ya watoto. Nikamketisha 4A. Nyuma yake alikuja bwana mpole mwenye ndevu zilizopakwa hina, aliyebeba mkoba wa bibi. Nikatazama pasi: 4B. Nilijua kabisa ni mkwewe. Nikamkaribisha.

Bwana yule alifika safu ya nne, akasimama kama mtu aliyefika ukingoni mwa mto. Bibi alivuta shuka usoni. Bwana akageuka akatazama kabati la juu, akawa analisoma onyo la kukataza maziwa lililobandikwa pale. Nyuma yake foleni ilisimama, na nyuma ya foleni kulikuwa na watu ishirini juu ya ngazi na chini kwenye lami, na jua la Garissa halibembelezi mtu. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba kitabu kinamtaka aketi. Akaniambia kwa heshima zote kwamba yeye atakwenda Mandera kwa basi. Kutoka Garissa hadi Mandera kwa basi ni safari ambayo mtu huaga nyumbani kwao.

Baada ya hapo mambo yalijiendesha yenyewe. Mke mkubwa wa mfanyabiashara mmoja alijikuta na mke mdogo safu moja, wakaanza kusalimiana kwa sauti ya chini sana. Shehe mmoja alipewa kiti cha katikati ya wanawake wawili wageni kwake, akabaki wima akisoma dua. Mzee mmoja wa Bura akakuta jirani yake ni mtu wa ule ukoo wanaogombania nao kisima. Ndani ya dakika kumi, kila aliyeketi alikuwa amesimama tena, na kila aliyesimama alikuwa akimweleza mwenzake kosa ni la nani. Rubani alichungulia kutoka chumba chake akaniuliza kuna nini. Nikamjibu kwamba tunafuata kitabu. Alikuwa amefanya kazi nami miaka sita. Alinitazama mara moja, akarudi ndani, akafungua gazeti.

Mshauri hakuweza kuvumilia. Aliinuka na kishikwambi, akaanza kupanga watu kwa akili zake mwenyewe. Alimhamishia shehe kwa bibi wa Lafey. Akampeleka yule mkwe kukaa na mke mchanga wa mtu, ambaye mumewe alikuwa safu tatu nyuma akitazama. Kisha, akidhani bibi ndiye kiini cha matatizo, alimshika kiwiko kwa upole ili amwinue. Mzee wa Bura akamuuliza, polepole, mama yake ni nani. Kijana wa watu akadhani ni maongezi ya kawaida, akataja jina la mama yake, na mtaa anaokaa, na kwamba anasumbuliwa na magoti.

Ningeendelea kufurahi, kama si bibi wa Lafey. Alinifikia mimi, si mshauri. Alisimama mbele yangu na shuka usoni, jicho moja lenye bandeji, akasema kwa sauti ndogo.

"Wewe binti, kila mwezi unanibeleka fizuri. Leo umenifanya mchezo mbele ya mkwe yangu. Mimi nimekukosea nini?"

Katika kitabu hakuna ukurasa wa swali lile. Nilitaka kumweleza habari ya mshauri, na ufanisi, na dakika kumi na moja, lakini yote hayo yalikuwa yangu, na aibu nilikuwa nimemvisha yeye. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Utundu wangu wote uliniishia pale mlangoni.

Bahati nzuri mshauri naye alikuwa amefika mwisho. Alikwenda hadi mkiani, jasho likimtiririka, akamwomba mwenzangu asaidie tafadhali. Alisema kwa mdomo wake, kama hoja yetu ilivyotaka. Mwenzangu alinitazama, nilitikisa kichwa kukubali, haraka. Akafungua mkanda.

Sijui nieleze vipi alichofanya, maana hakukuwa na cha kuona. Alipita katikati ya safu akiongea kwa sauti ya kawaida. Alimwita mmoja adeer, yaani baba mdogo, mwingine eddo, yaani shangazi, mwingine mama fulani. Alimshika bibi wa Lafey mkono, akamketisha dirishani mbele na mwanamke wa kwao. Mkwe akapata kiti cha nyuma kabisa upande mwingine. Watu wa kisima walitenganishwa na shehe. Mwenye mke mchanga akapata mke wake. Mshauri, nilimwona, alikuwa ameanzisha saa yake. Mtu wa mwisho alipofunga mkanda aliisimamisha, akaitazama, akaitazama tena. Zilikuwa dakika nne.

Tukiwa angani, alikuja mkiani kuuliza maswali. Aliuliza vizuri, kwa unyenyekevu, na aliandika kila kitu: ukwe, ukoo, kisima, wake wenza. Mwenzangu alijibu kidogo kidogo. Mimi ndiye niliyejibu sana. Nilikuwa nimeshaomba radhi kwa bibi, naye alikuwa amenipigapiga mkono, na wepesi wa kusamehewa ulinifungua kinywa. Nilimmiminia mshauri juisi ya pili bila kuombwa. Nikamwambia kwamba kazi ya yule msichana haifanywi na mashine wala na mtu mwingine yeyote Kenya nzima. Mikanda, nikasema, kila mtu anaweza kukagua. Makabati, kila mtu anaweza kufunga. Nikainua gilasi ya karatasi.

"Na juisi hii, ndugu yangu, hata wewe ungeigawa."

Akacheka. Akaliandika na hilo.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Tuliifungua bahasha mkiani, kwenye safari ya kurudi kutoka Mandera, kikao kamili, mwenyekiti akiwa amenishika mkono. Ripoti ilikuwa nzuri mno. Mshauri alikuwa ametueleza kuliko tunavyojieleza wenyewe. Kampuni ilisema imeridhika kwamba kazi ya kuwapanga abiria ndiyo moyo wa safari za kaskazini, na kwamba itaingizwa katika kitabu. Kwa hiyo nafasi ile moja ya lazima Garissa itashikwa na mwenzangu. Nafasi ya pili inaondolewa, kwa kuwa kazi zake, kwa maelezo ya mwakilishi wa wafanyakazi mwenyewe, zinaweza kufanywa na mtu yeyote.

Niliisoma aya hiyo mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa natabasamu bado.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema, nami changu nilikuwa nimekichimba kwa furaha, huku nikimkaribisha mshauri juisi. Mwenzangu aliachia mkono wangu taratibu. Taa ya kutua iliwaka, nikasimama, nikakagua mikanda, kazi ambayo kila mtu anaweza kuifanya.

Nitasema kweli: nilimchukia kwa siku tatu. Nilimchukia kwa hijabu yake nzuri na kwa dakika zake nne. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kampuni za Nairobi hutafuta wasichana wa miaka ishirini na miwili wanaoweza kufikia kabati la juu. Kabati nalifikia, miaka ndiyo niliyoipita. Sikuwa na mume wa kuwekeana naye masharti. Kazi hii ndiyo niliyoijua, na nilikuwa nimejivua mwenyewe mbele ya mashahidi.

Siku ya nne makao makuu ya chama walinipigia simu. Walikuwa wachangamfu. Walisema kampuni imevunja mkataba waziwazi: wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka, na mimi ndiye niliyetangulia kwa miaka kumi na minne. Nijaze fomu ya rufaa, itiwe saini na mwenyekiti wa tawi na mwakilishi wa tawi, ndiye mimi, iwafikie kabla ya saa sita adhuhuri siku ya Alhamisi. Tutashinda, walisema, hata bila wakili. Hawakusema mwenzangu atakwenda wapi. Hawakuwa na haja ya kujua habari za Bura.

Niliichukua fomu kwenye barua pepe, nikaichapisha kwa mwenye duka la fotokopi, nikaiweka ndani ya kabati letu la vikombe bila kumwambia mtu. Jumatano asubuhi nilipolifungua, fomu ilikuwa imekunjuliwa. Nafasi ya mwenyekiti ilikuwa na saini yake, kubwa, iliyosomeka, na tarehe.

Tulipopaa niliuliza maana yake nini. Hakugeuka kuitazama fomu. Alisema ameiona akitafuta vijiko, akaisoma, akaona ni ya haki.

"Abaayo, hii kifungu ni ya watu wote," akasema. "Kama ni mtu mwingine ametolewa hivyo, mimi na wewe tungesaini. Siwezi kuwa mwenyekiti wa siku ya kicheko tu."

Nikamuuliza kama wakwe wamejua. Akasema wamejua kwamba amebaki, na mama mkwe wake amempongeza kwa masikitiko. Tulicheka kidogo. Kisha nikamuuliza lile lililonikaa moyoni siku zote hizo: angekuwa mimi, angefanyaje.

"Ningekata rufaa siku ileile."

"Kweli?"

"Wallahi. Na ningelia nikikata."

Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Nilimwambia kwamba naogopa, na kwamba namwonea wivu, na kwamba siku tatu hizo nilimtakia mabaya. Akasema alijua, kwani nilikuwa nikimpa biskuti zilizovunjika. Kikao hakikufungwa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukifungua.

Alhamisi tuliondoka Mandera saa tano kamili. Fomu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu, pamoja na kalamu. Ilitosha kutia saini, kuipiga picha na kuituma mara tu tukigusa Wajir, ambako mtandao hukamata kabla ya magurudumu kusimama. Ndege ilikuwa imejaa na kimya, kila mtu mahali pake. Mbele, mwenzangu alikuwa ameinama kumsikiliza mama mmoja aliyekuwa na mtoto. Magurudumu yaligusa saa sita kasoro dakika tano. Tulikaa Wajir dakika ishirini, wakashuka wanne, wakapanda watano, naye akawapanga. Mimi nilifunga makabati, saa sita ikapita, na fomu ilikuwa bado mfukoni bila saini yangu.

Tuliporuka tena nilitoa troli. Bwana wa 7C aliniuliza kama kuna juisi ya embe. Nikamwambia ipo, nikamjazia mpaka ukingoni.